Tezi ya Shingo na Mbio za Mita Mia

Mwalimu wa michezo wa Wete au Chake Chake amwonapo mwanafunzi aliyekuwa hodari wa mbio akianza kubaki nyuma, huenda akamhukumu kuwa ni mvivu. Hukumu hiyo yaweza kuwa ya haraka mno. Habari za Gail Devers, mkimbiaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1966, zatoa funzo juu ya jambo hili.

Mwaka 1988 Devers alikuwa miongoni mwa wanariadha mahiri wa mbio za kuruka viunzi nchini mwake. Lakini katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka huo nguvu zilimpotea, akatolewa katika nusu fainali. Kwa kiasi cha miaka miwili alidhoofika pasipo sababu kujulikana. Mwaka 1990 ndipo madaktari walipotambua kuwa ana ugonjwa wa Graves.

Ugonjwa huu hushika tezi ya shingo, yenye umbo la kipepeo, iliyo mbele ya koo. Tezi hiyo hutumia madini joto, yaani iodini, kutengeneza homoni ziongozazo kasi ya seli katika kuunguza chakula. Kwa mgonjwa wa Graves, kinga ya mwili hukosea, ikaichochea tezi bila kikomo. Mfano wake ni kandili iliyopandishwa utambi kupita kiasi: mafuta huisha upesi, moshi ukazidi, wala nuru isifae. Moyo huenda mbio hata mtu akiwa amelala, mikono hutetemeka, na misuli, ambayo ndiyo mtaji wa mkimbiaji wa masafa mafupi, hupungua.

Devers alitibiwa kwa mnururisho. Miguu yake ilivimba na kutoka malengelenge, hata mwezi Machi 1991 ikafikiriwa kukatwa. Matibabu yakabadilishwa, na Agosti mwaka huohuo akapata medali ya fedha ya viunzi katika Mashindano ya Dunia mjini Tokyo. Mwaka 1992, huko Barcelona, alishinda mita 100 kwa sekunde 10.82, mwaka 1996, huko Atlanta, akashinda tena. Ugonjwa haukufutika; ulidhibitiwa kwa dawa.

Hata hivyo, isidhaniwe kuwa kila uvimbe wa shingo ni Graves. Tezi ikikosa madini joto nayo hutanuka, ikijaribu kunasa kidogo kilichopo. Hilo ndilo rovu la kawaida. Wengi huamini kwamba kisiwa kilichozungukwa na bahari hakiwezi kupungukiwa na madini hayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kinyume: wanafunzi wa Zanzibar walikuwa na upungufu, na Pemba ilizidi Unguja. Sababu ni kwamba chumvi ianikwayo juani kutokana na maji ya bahari hubaki na iodini kidogo mno. Hapana budi iongezwe kiwandani au shambani.

Kwa hiyo mwanafunzi anayekonda ilhali anakula, au anayechoka pasipo sababu, apelekwe hospitali kabla ya kulaumiwa. Kipimo cha damu huweza kuonyesha kama tezi imezidisha kazi yake au imeipunguza, na kila hali ina tiba yake.