Fremu ya baiskeli ya milimani: Pembe kwanza, uzani baadaye

WANUNUZI wengi wa baiskeli za milimani huinua fremu kwa mkono mmoja dukani ili kuona kama ni nyepesi, kisha huuliza bei. Kwa anayenuia kuteremka kwa kasi kwenye njia za mawe na mizizi, uzani si jambo la kwanza la kuangaliwa.

Fremu inayozungumziwa hapa ni ile isiyo na springi nyuma. Foku ya mbele pekee ndiyo hudidimia gurudumu linapogonga jiwe. Nyuma, kinachopunguza mshtuko ni tairi na magoti ya mwendeshaji mwenyewe. Hugharimu kidogo kuitunza, ndiyo maana ingali inapendwa. Joe Breeze alipounda fremu zake za kwanza za milimani huko California mnamo 1977, hata mbele hakukuwa na springi.

Kinachofaa kupimwa kwanza ni mwinamo wa paipu ya usukani. Kwa miaka mingi fremu za mashindano zilikuwa na pembe ya nyuzi 70 au 71. Za kisasa za miteremko mikali huwa kati ya nyuzi 63 na 66. Pembe ikipungua, gurudumu la mbele husogea mbali zaidi na mwendeshaji, na si rahisi arushwe juu ya usukani gurudumu hilo likikwama.

Hata hivyo, nambari hiyo hupimwa baiskeli ikiwa imetulia. Baiskeli yenye springi mbili hudidimia mbele na nyuma, hivyo pembe haibadiliki sana. Isiyo na springi nyuma huinama mbele tu. Foku ikididimia milimita 20, pembe huongezeka kwa takriban nyuzi 1. Foku ya milimita 140 ikifika mwisho, fremu ya nyuzi 65 hugeuka kuwa ya nyuzi 72 hivi, tena katikati ya mteremko, pahali ambapo mwendeshaji angetaka kinyume chake. Kwa hivyo foku ndefu kupita kiasi haisaidii. Milimita 120 hadi 150 zatosha.

Aidha, kufunga foku ndefu kuliko ile ambayo fremu iliundiwa ni hatari. Foku hufanya kazi kama mtaimbo: ikirefuka, nguvu inayovuta kiungo cha paipu ya usukani na paipu ya chini huongezeka. Kiungo hicho kikikatika, mwendeshaji huanguka kwa uso.

Wengi wakisikia fremu ya chuma hukumbuka Black Mamba na uzito wake. Chuma chenye kromu na molibdeni ni kingine kabisa. Paipu zake ni nyembamba, hunesa kidogo, na zikipata ufa fundi stadi aweza kuzilehemu. Alumini ni nyepesi na ya bei nafuu, lakini huchoka kadiri inavyotikiswa, na ikilehemiwa bila kutiwa joto upya inavyotakikana hubaki dhaifu. Fremu ya alumini yenye ufa ni ya kutupwa. Titani ni ghali mno.

Anayenunua fremu iliyotumika aikague chini ya paipu ya usukani na kwenye viungo vyote. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba mara nyingi huficha ufa. Apime pia nafasi ya ekseli ya nyuma. Fremu nyingi za sasa hutumia milimita 148, ilhali za zamani zilikuwa na 135, na magurudumu ya moja hayaingii kwa nyingine. Fremu za magurudumu ya inchi 26 huuzwa rahisi, ila tairi na foku nzuri za kipimo hicho zimeadimika.

Anayezunguka Msitu wa Karura polepole siku ya Jumapili hahitaji haya yote. Fremu ya nyuzi 68 itampandisha vilima kwa wepesi zaidi.