Barua ya Jimbo Si Tiketi ya Ndege

Mwezi huu tumeona tuzungumze jambo moja ambalo linasemwa sana kwenye visima, kwenye vituo vya boda boda na nje ya makanisa na misikiti. Watu wanasema kwamba kuna majimbo ya Canada na Australia ambayo yanachukua wakimbizi wenye ujuzi, na kwamba ukipata "barua ya jimbo" basi wewe na familia yako mmeshaondoka. Wengine wameanza hata kuuza mbuzi na mabati ili kumlipa mtu aliyeahidi kuleta barua hiyo.

Tunaelewa kwa nini habari hii imewagusa watu. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Kuna familia hapa kwetu zilikuwa zimemaliza intavyuu zote na kupimwa afya, kisha kesi zikasimama. Mtu aliyefungiwa mlango mmoja hutafuta dirisha. Basi tulitazame dirisha hili vizuri kabla ya kuingiza kichwa.

Barua ya jimbo ni nini hasa?

Wote tunaijua barua ya LC1. Ukitaka kufungua akaunti, mwenyekiti wa kijiji anaandika kwamba anakujua. Lakini hakuna aliyepewa pasipoti na LC1. Barua inakufikisha kwenye meza, na mwenye meza ndiye anayeamua.

Uteuzi wa jimbo ni hivyo hivyo. Nchini Canada, tangu miaka ya 1990 majimbo yamekuwa yakiruhusiwa kuteua wafanyakazi wanaowahitaji. Jimbo likikosa wauguzi au mafundi wa kuchomelea, linamchagua mtu na kumpa cheti cha uteuzi. Baada ya hapo serikali kuu ya Canada inampima afya, inachunguza usalama, ndipo inatoa viza au inakataa. Quebec peke yake ina utaratibu wake wa kuchagua watu.

Na nafasi zina hesabu. Mwaka 2024 Canada ilipanga kupokea watu 110,000 kwa njia ya majimbo. Kwa mwaka 2025 lengo likashushwa hadi 55,000, yaani nusu. Hao ni watu wa dunia nzima, wakiwemo wenye pasipoti zao na digrii zao, wengi wao tayari wanafanya kazi huko huko Canada.

Australia nayo ina viza mbili zinazotegemea uteuzi wa jimbo. Ya namba 190 inampa mtu ukaazi wa kudumu. Ya namba 491 ni ya miaka mitano, na mtu lazima akae nje ya miji mikubwa kama Sydney na Melbourne. Zote mbili zinataka uwe na umri chini ya miaka 45, ujuzi uliopimwa na chombo cha kazi yako, na alama zisizopungua 65. Kuna pia viza ya watu wenye vipaji vya pekee, iliyobadilishwa mwezi Desemba 2024, ambayo jimbo linaweza kumteulia mtu. Hiyo ni ya mtafiti, mwanamichezo au mfanyabiashara ambaye sifa zake zinajulikana kimataifa. Anayewaambia vijana wetu kwamba ni ya kila mtu anawadanganya.

Je, kuna mkimbizi aliyewahi kupita?

Ndiyo, wapo, na si hadithi. Mwaka 2018 Canada ilianza majaribio ya njia ya kazi kwa wakimbizi, mradi unaojulikana kwa herufi EMPP. Shirika la Talent Beyond Boundaries lilitafuta watu Jordan na Lebanon, na shirika la RefugePoint likatafuta Kenya. Nyumba moja ya kutunzia wazee katika jimbo la Nova Scotia, iitwayo Glen Haven Manor, iliajiri wakimbizi kutoka Kenya kuwa wahudumu wa wazee. Walikuwa ni watu wa kambini kama sisi, waliojifunza kazi ya afya na kuifanya.

Mradi huo uliwalegezea wakimbizi masharti kadhaa, na ada za maombi zikaondolewa. Australia nayo ilianza majaribio yake mwaka 2021, ikianza na nafasi 100 za waombaji wakuu.

Lakini tupige hesabu pamoja. Canada ilisema inataka kufikia wakimbizi 2,000 kwa njia hiyo, kutoka nchi zote. Nakivale peke yake ina watu zaidi ya 180,000. Tena miradi hii ilianza kama majaribio, yenye tarehe ya kufunguliwa na ya kufungwa. Mlango uliokuwa wazi mwaka 2023 usiuhesabu kuwa uko wazi leo. Uliza kwanza, ndipo ujaze fomu.

Tunaweza kujiandaa namna gani hapa hapa?

Kwanza, karatasi. Angalia jina lako kwenye atestesheni ya familia, kwenye kitambulisho cha mkimbizi na kwenye vyeti vya shule. Kama sehemu moja umeandikwa kwa herufi R na nyingine kwa L, nenda OPM urekebishe mapema. Kosa dogo la herufi linaweza kusimamisha kesi miezi mingi.

Pili, vyeti. Mwenye karatasi ya Exetat kutoka Congo, au cheti cha sekondari cha Burundi, aipeleke UNEB ilinganishwe na elimu ya Uganda. Mwenye digrii apite NCHE. Kazi hiyo haitapotea hata usipokwenda Canada, kwa sababu ndiyo itakayokufungulia chuo au kazi Mbarara. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufanya kazi, na sheria hiyo hiyo ndiyo inayoruhusu mkimbizi kupewa kitabu cha kusafiria, kile tunachokiita CTD.

Tatu, ushahidi wa kazi. Wengi wetu tunafanya kazi gereji za Mbarara, kliniki na saluni bila kuandikiwa kitu. Mwombe bosi wako barua inayosema kazi uliyofanya, tangu mwezi gani hadi mwezi gani, na masaa mangapi kwa wiki. Usingoje mpaka mgombane au ahame.

Nne, lugha. Hapa ndugu zetu kutoka Congo na Burundi wana mali ambayo wameisahau kwenye kona. Canada inatumia Kifaransa na Kiingereza kwa usawa. Mtihani wa lugha unaweza kufanywa kwa Kifaransa, na vyeti vya Kifaransa vinasomwa huko bila kutafsiriwa. Papa uliyesomea Bukavu, usione aibu na Kifaransa chako. Kifufue, wasomeshe na watoto. Ila matokeo ya mtihani hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo usilipie mtihani kabla hujajua unaombea nini.

Familia isigawanyike

Njia hizi za kazi kwa kawaida zinamruhusu mwombaji kwenda na mume au mke na watoto. Kwa Canada ni watoto walio chini ya miaka 22 ambao hawajaoa wala kuolewa. Bibi, wajomba na wapwa hawamo. Kwa hiyo kabla baba au mama hajajaza fomu, familia ikae chini iulizane: bibi atabaki na nani? Mtoto wa kulea ana karatasi gani?

Tena taja watoto wako wote, hata aliye mbali, hata uliyezaa kabla ya ndoa. Kuna watu huficha mtoto wakidhani kesi itakuwa nyepesi. Mtoto asiyetajwa mwanzoni anaweza kufungiwa mlango wa kukufuata baadaye. Aibu ya siku moja mbele ya mwenzako ni nafuu kuliko kumwacha mtoto maisha yote.

Tuwatambue matapeli

Huduma za UNHCR ni bure. Barua ya jimbo haiuzwi, wala haiwezi kutoka kabla jimbo halijaona ujuzi wako na vyeti vyako. Anayekutumia barua kwenye simu kabla hajakuuliza kazi unayoijua, huyo ni mwizi. Anayeomba pesa ili akupe kazi, huyo ni mwizi. Anayetaka umwachie atestesheni "kwa siku mbili", usimpe hata kwa dakika mbili. Peleka taarifa kwa UNHCR, OPM au polisi, na usione haya kama umeshalipa: ukinyamaza, kesho atamla jirani yako.

Pia njia ya kazi haichukui nafasi ya resettlement. Ni njia ya nyongeza. Anayekuambia ufute kesi yako ili uingie huku, mwulize anafaidika nini.

Kwa upande wetu, tunaona hivi: ujuzi ni mzigo usiomwelemea mtu. Jifunze kushona, kuchomelea, kuuguza au kompyuta kwa sababu utakula nao hapa leo. Jimbo likikuita, litakukuta tayari. Lisipokuita, utakuwa umelima shamba lako huku ukingoja mvua.

Mwenye swali alilete kwetu, tutalijibu katika toleo lijalo. Mungu azilinde familia zetu.