Picha ipo, maneno yamekwenda na upepo

Katika video ya harusi niliyoonyeshwa Kitengela, mzee wa Kimaasai anambariki binti yake anayeondoka nyumbani. Kibuyu cha maziwa kinaonekana, shanga zinaonekana, midomo ya mzee inatembea. Lakini maneno yake hayasikiki. Ni mvumo mtupu, mwanzo hadi mwisho.

Jambo hilo lilinikaa rohoni, nikamwuliza kijana aliyenionyesha, mpiga video za harusi kati ya Kitengela na Kajiado mjini. Watu, anasema, huhangaikia picha na kusahau kwamba hapa ni nyika wazi. Kaunti hii ya Kajiado ndiyo yenye mitambo ya umeme wa upepo vilimani Ngong, ya kwanza ikiwa imesimikwa 1993. Upepo huo ukiipata maikrofoni isiyo na kinga, hauachi neno.

Akaigeuza simu yangu, akanionyesha kitundu kidogo kando ya tundu la chaji. Maikrofoni ndiyo hiyo. Ukiilaza simu ubavu ili picha iwe pana, kiganja hukaa papo hapo na kuiziba. Yeye huishika kwa ncha za vidole, huupa upepo mgongo ili mwili wake uwe ukuta, kisha humsogelea mzee hadi hatua mbili. Kuivuta picha kwa vidole, anasisitiza, hakuivuti sauti. Akiwa na simu ya pili, huiweka mapajani mwa mzee irekodi sauti peke yake. Hupiga kofi moja mwanzoni. Mlio huo ndio anaoutumia kulinganisha picha na sauti wakati wa kuhariri.

Mengine huyamaliza kwa ufupi. Futa lenzi. Saa sita mchana jua husimama utosini na kutia macho kivuli, basi wapeleke watu chini ya mgunga. Chukua boma zima, kisha nyuso, kisha mikono iliyoshika kibuyu, na kila mara utulie ukihesabu hadi kumi.

Je, baraka ya mzee ni ya kurushwa mtandaoni? Hilo ni la familia, anasema. Wengine hukataa, wengine hata hawaulizwi. Na simu ikiibwa, sauti hiyo inabaki kwa nani?

Wikendi hii, mwombe mzee wako ruhusa, mrekodi dakika moja, kisha isikilize kabla hajainuka. Kama haisikiki, mwombe arudie angali yupo.