Pochi ya kripto ikitoboka: ubaki au uhame?

Tarehe 11 Novemba 2022 soko la sarafu za kidijitali la FTX liliomba kinga ya kufilisika nchini Marekani, na wateja walioacha fedha zao humo wakabaki kuhesabu hasara. Wiki hiyo ushauri ulikuwa mmoja kila kona: toa sarafu zako sokoni, ziweke kwenye pochi unayoimiliki mwenyewe. Siku tatu baadaye, Trust Wallet, pochi iliyonunuliwa na soko lingine la sarafu, Binance, mwaka 2018, ikaja na toleo jipya linalokaa ndani ya kivinjari cha kompyuta. Wakati wake ulikuwa mwafaka kabisa. Ila toleo hilo lilikuwa na kasoro mbaya kuliko zote ambazo pochi inaweza kuwa nayo: lilikuwa linatengeneza funguo zinazokisika.

Kasoro yenyewe ilirekebishwa haraka. Lakini swali lililoachwa nyuma halijaisha, na Desemba 2025 lilirudi kwa kishindo kwa watumiaji wa pochi hiyo hiyo: pochi iliyowahi kutoboka, uiamini tena?

Jibu langu nalitoa mapema, maana huenda anayesoma hapa ana fedha zake mahali fulani. Swali hilo ni maswali mawili yaliyofungwa furushi moja. La kwanza linahusu kampuni. La pili linahusu yale maneno kumi na mawili ambayo kampuni ilikwisha kukupa. Kampuni unaweza kuisamehe ukiona imejirekebisha. Maneno yale, hapana.

Kwa wasioifahamu biashara hii, pochi ya kripto haina fedha ndani. Sarafu zimeandikwa kwenye blokcheni, daftari la mtandaoni ambalo kila mtu analisoma. Ulicho nacho wewe ni ufunguo unaokuruhusu kuzitoa. Unapofungua pochi mpya, programu inachagua namba kubwa kwa bahati nasibu, kisha inaigeuza kuwa maneno 12 au 24 kutoka kwenye orodha ya maneno 2,048. Orodha hizo zipo kwa Kiingereza, Kijapani, Kihispania na lugha nyingine kadhaa. Kiswahili hakimo, kwa hiyo wengi wetu tunanakili maneno tusiyoyazoea na kukosea herufi. (Ahueni ni kwamba katika orodha ya Kiingereza herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua kila neno.) Mwenye maneno hayo ndiye mwenye mali. Hakuna nywila ya kubadilisha, wala ofisi ya kwenda na kitambulisho.

Maneno 12 yakichaguliwa kwa haki, idadi ya michanganyiko inayowezekana ni 34 ikifuatiwa na sufuri 37. Hakuna kompyuta itakayoimaliza. Toleo lile la Trust Wallet, hata hivyo, lilitumia kanuni ya kuzalisha namba iitwayo Mersenne Twister, ambayo haikukusudiwa kulinda siri, na likaianzisha kwa mbegu ya biti 32 tu. Hesabu yake ni kama bilioni 4.3. Maana yake, pochi zote ambazo programu ile ingeweza kumtengenezea mtu yeyote duniani zilikuwa hizo tu, na kompyuta nzuri ya kuchezea gemu inaweza kuzipitia zote ndani ya siku moja. Mwizi wa aina hii hana haja ya kukufahamu wala kukutumia kiungo cha ulaghai. Anazalisha funguo zote, anaangalia zipi zina salio, anakomba.

Walioigundua kasoro hiyo ni Donjon, kikosi cha watafiti wa usalama cha Ledger, kampuni ya Ufaransa inayouza pochi za kifaa, yaani vifaa vidogo vya kutunzia funguo. Mshindani, kwa maneno mengine. Waliripoti mapema, toleo likarekebishwa, na anwani zilizofunguliwa baada ya tarehe 23 Novemba 2022 hazikuathirika. Waliotumia programu ya simu peke yake nao walisalimika.

Hapo ndipo wengi wanapofunga mjadala: kasoro imeonekana, programu imesasishwa, maisha yaendelee. Lakini fundi wa funguo akirekebisha mashine yake leo, ufunguo aliokuchongea juzi haujibadilishi mfukoni mwako. Aliyefungua pochi kati ya tarehe 14 na 23 angeweza kusasisha programu kila asubuhi, na maneno yake yangebaki yale yale dhaifu. Mwishoni mwa Desemba 2022 na tena mwishoni mwa Machi 2023 pochi za namna hiyo zilikombwa, hasara ikafika dola 170,000 hivi. Kampuni ilipolitangaza jambo hilo hadharani Aprili 2023, ilisema zimebaki anwani kama 500 zenye jumla ya dola 88,000, ingawa wenye anwani hizo walikuwa wameonywa ndani ya programu. Watu mia kadhaa walipewa taarifa kwamba ufunguo wao unakisika, na hawakusogea.

Nakaa kidogo hapa kwenye miezi mitano ya kimya, maana ndiyo inayonisaidia kuipima kampuni. Utetezi wao una uzito. Ukitangaza kasoro kama hii siku unayoijua, unawaita wezi kabla wateja hawajahama. Ukinyamaza, unampa mteja nafasi ya kuhama kimyakimya. Wiki kadhaa za kimya ningezielewa. Lakini baada ya wizi wa Desemba, siri ilikuwa imekwisha kuwafikia wezi. Waliobaki gizani walikuwa wenye mali. Tangazo lilipaswa kutoka Januari. Kwa upande mwingine, kampuni iliahidi kuwalipa walioibiwa, ikaeleza chanzo kwa undani, na Donjon wakachapisha uchambuzi wao wote. Alama za kufaulu, si za juu.

Linganisha na Atomic Wallet. Juni 2023 watumiaji wake waliamka na kukuta salio sufuri, na Agosti mwaka huo FBI ya Marekani ikataja wizi wa dola milioni 100 na kuwanyooshea kidole wadukuzi wa Korea Kaskazini. Maelezo kamili ya mlango waliopitia wezi hayakutolewa kwa wateja. Kwa pochi ya namna hiyo sioni cha kujadili. Kampuni isiyoweza, au isiyotaka, kusema ilitobolewa wapi, haiwezi kukuambia kwamba imeziba.

Turudi kwenye maneno. Agosti 2022, kwenye mtandao wa Solana, pochi zaidi ya 9,000 zilikombwa kwa mkupuo. Mwanzoni lawama zilizagaa, kwa sababu miongoni mwa walioibiwa walikuwamo watumiaji wa Phantom, pochi iliyokuwa na jina zuri. Uchunguzi ulipotulia, ilionekana kwamba pochi nyingine iitwayo Slope ilikuwa inatuma maneno ya siri ya wateja wake, bila kuyafumba, kwenye seva ya kuhifadhi ripoti za hitilafu za programu. Wale wa Phantom walioguswa walikuwa wamewahi kuyaingiza maneno yao kwenye Slope, au wametoka nayo huko. Phantom haikuwa na kosa. Maneno ndiyo yaliyosafiri.

Hili ndilo kosa ninaloliona likirudiwa zaidi kila pochi inapotoboka. Mtu anasikia habari, anaogopa, anafuta programu, anapakua nyingine yenye sifa, kisha anabonyeza pale pa kuingiza pochi ya zamani na kuandika maneno yale yale kumi na mawili. Anaamini amehama. Hajatoka hata hatua moja: sarafu ziko kwenye anwani ile ile, na ufunguo ni ule ule ambao mwizi anao. Tiba ilijulikana tangu Agosti 2013, programu kadhaa za Bitcoin kwenye simu za Android zilipokutwa na udhaifu wa aina hii katika kuzalisha namba. Ushauri wa wakati ule haukuwa kusasisha peke yake. Ulikuwa kusasisha, kutengeneza anwani mpya, kisha kujitumia sarafu zote huko.

Sasa Desemba 2025. Toleo la 2.68 la Trust Wallet kwenye kivinjari cha Chrome liliwafikia watumiaji likiwa limepachikwa msimbo wa wizi, na zaidi ya dola milioni 7 zikaondoka kwa muda mfupi wa sikukuu. Safari hii namba zilichaguliwa vizuri. Tatizo lilikuwa programu yenyewe kuyachukua maneno na kuyapeleka kwa wezi. Kampuni ikawahimiza watu waende toleo la 2.69, na Changpeng Zhao, mwanzilishi wa Binance, akasema hasara italipwa. Vizuri. Lakini aliyefungua pochi yake kwa toleo lile anapaswa kuyahesabu maneno yake kuwa yamekwisha kusomwa, hata kama salio lake halijaguswa.

Mara mbili, basi, kiendelezi kile kile cha kivinjari. Uamuzi wangu ni huu: kwa fedha ndogo za kuzungusha, atakayeendelea kukitumia sina ugomvi naye. Akiba ya ada ya mtoto nisingeiweka humo, na kusema kweli nisingeiweka kwenye kiendelezi cha kivinjari cha kampuni yoyote, kwa sababu kiendelezi hujisasisha chenyewe usiku ukiwa umelala.

Si kila kasoro inadai kuhama, na hapa pia watu hutishika bure. Januari 2020 watafiti wa soko la sarafu la Kraken walionyesha kwamba wakiishika pochi ya kifaa ya Trezor kwa dakika 15, wanaweza kuichokoa chipu yake kwa umeme na kutoa siri zilizomo. Kasoro iko kwenye chipu yenyewe, hakuna sasisho la kuifuta. Lakini mwizi sharti awe na kifaa mkononi, na anayeongeza nenosiri la ziada juu ya maneno yake anamkwamisha. Kwa mtu anayefungia kifaa chake kabatini, hiyo ni kasoro ya kuishi nayo.

Na kuna nyingine haiko kwenye pochi kabisa. Mwaka 2020 Ledger iliibiwa taarifa za wateja: barua pepe zipatazo milioni moja, na za wateja kama 272,000 zikiwa na majina, simu na anwani za nyumbani. Vifaa havikuguswa. Mwaka uliofuata baadhi ya wateja wakapokea kwa posta boksi lililofungwa vizuri, kifaa kinachofanana na halisi, na barua yenye jina la mkuu wa kampuni ikiwaambia wabadilishe kile cha zamani kwa usalama wao. Ndani ya kifaa mlikuwa na kipande cha flashi kilichounganishwa kienyeji, na maelekezo yakimtaka mteja kuandika maneno yake 24. Pochi nzuri, na mtu angeyatoa maneno kwa hiari yake.

Kwetu hakuna anayeletewa boksi. Kwetu njia ni fupi zaidi. Simama nusu saa kwenye kibanda cha fundi simu Kariakoo, Dar es Salaam. Mteja anakuja na kioo kilichopasuka, fundi anauliza, "Kaka, loki yako?" na mteja anamchorea mchoro wa kufungua simu bila kufikiri, kisha anaondoka kwenda kunywa chai. Humo kwenye picha za simu, katikati ya picha za harusi, imo picha ya skrini yenye maneno kumi na mawili yaliyopangwa kwa namba. Hatunzi hivyo kwa uzembe. Hakuambiwa kwamba ile picha ndiyo fedha yenyewe. Mafundi wengi ni waaminifu, lakini picha hiyo hiyo huenda imekwisha kupanda kwenye hifadhi ya mtandaoni pia.

Na ukiibiwa, huna pa kulalamika. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki nchini, ingawa tangu Sheria ya Fedha ya 2024 kuna kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kenya imesogea zaidi: sheria iliyosainiwa Oktoba 2025 inawagawia Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kazi ya kuwasimamia watoa huduma. Ni hatua. Lakini pochi unayoshika mwenyewe haina tawi Nairobi wala wakala Mwanza, na muamala wa blokcheni ukishapita hakuna namba ya kupiga ili urudishwe.

Kwa hiyo ukisikia pochi yako imetajwa, uliza jambo moja kabla ya mengine: kasoro imegusa utengenezaji au utunzaji wa maneno? Kama ndiyo, au kama kampuni haisemi, hama leo. Fungua pochi mpya kabisa yenye maneno mapya, yaandike kwa kalamu, tuma kiasi kidogo kwanza, kikifika tuma kilichobaki. Wenye sarafu ya USDT kwenye mtandao wa Tron waangalie wana TRX, sarafu ya mtandao huo, ya kulipia ada, maana wengi hukwama hapo wakati wa haraka. Maneno ya zamani usiyatumie tena popote. Na yeyote atakayekupigia, kukuandikia au kukutumia kiungo akikuomba maneno hayo ili akusaidie kuhama, huyo ndiye mwizi. Usimjibu.