Taswira katika Majina ya Misuli: Funzo kwa Waundaji wa Istilahi za Kiswahili

Mwili wa binadamu una misuli ya mifupa zaidi ya 600. Majina yake ya kitaalamu ni ya Kilatini, na aghalabu mwanafunzi huyakariri kama sauti tupu. Makala haya yanashikilia kwamba majina hayo ni taswira, na kwamba mwanaistilahi anayehamisha sauti na kuiacha taswira humnyima msomaji sehemu ya maarifa.

Kigezo kimojawapo cha kuitaja misuli ni umbo. Msuli unaofunika bega huitwa deltoidi kwa kuwa una pembe tatu mithili ya herufi delta ya Kiyunani. Serato, msuli wa ubavuni, una ukingo wenye meno kama msumeno. Kigezo kingine ni idadi ya vichwa, yaani ncha ambako msuli huanzia: bisepsi ina 2, trisepsi 3 na kwadrisepsi 4.

Umbo nalo hudokeza kazi. Msuli ambao nyuzi zake zimepangwa kama unyoya hukusanya nyuzi nyingi fupi, hivyo huwa na nguvu nyingi japo haufupiki sana. Wenye nyuzi ndefu sambamba hufupika zaidi. Ule unaozunguka jicho kwa duara hulifumba.

Je, Kiswahili kina uwezo wa kuunda majina ya aina hii? Naam, na kimekwisha kufanya hivyo. Wayunani walipoitazama nyama iliyo nyuma ya mguu, chini ya goti, waliona tumbo. Ndiyo asili ya jina gastroknemio, 'tumbo la mguu'. Mswahili aliitazama nyama iyo hiyo akaona shavu, akaiita shavu la mguu. Taswira ni mbili, mbinu ni moja.

Hata hivyo, si kila taswira inafaa kutafsiriwa. Sartorio, msuli mrefu kuliko yote mwilini, ulipewa jina la fundi wa nguo, kwa kuwa mafundi wa Ulaya ya kale waliketi wamepishanisha miguu. Fundi wetu huketi kitini mbele ya cherehani. 'Msuli wa fundi' hautamfunza Mswahili lolote. 'Msuli mrefu wa paja' utamfaa zaidi.

Huenda ikadaiwa kwamba Kilatini kinatosha, kwani wanaanatomia waliafikiana kuhusu orodha moja ya majina ya lugha hiyo mjini Basel, Uswisi, mwaka 1895. Hoja hiyo ina uzito kwa mawasiliano ya wataalamu. Lakini mgonjwa aliyeumia bega hazungumzi na wataalamu wa dunia nzima. Huzungumza na tabibu mmoja, mara nyingi kwa Kiswahili. Akiambiwa 'deltoidi', ataitikia kwa heshima tu. Akiambiwa 'msuli wa pembetatu wa bega', ataweza kuupapasa kwa mkono wake na kuonyesha panapouma. Basi waundaji wa istilahi na wautazame msuli wenyewe kabla ya kufungua kamusi.