Ukifuta Faili, Nini Hasa Kinafutika?

Nilipokuwa namalizia shahada ya uzamili, usiku mmoja nilibonyeza Shift na Delete kwa pamoja nikafuta folda niliyodhani ni nakala. Kumbe haikuwa nakala. Ndani yake kulikuwa na vipimo vya maji ya visima 63, miezi minne ya kuzunguka na bodaboda nikiwa na chupa za sampuli kwenye begi. Bekapu? Usiniulize. Niliyokuwa nayo ilikuwa ya wiki ya pili ya utafiti.

Kama umewahi kufanya kitu cha aina hii, unaujua ule ubaridi unaoanzia tumboni. Nilikaa nikiitazama skrini kama mtu aliyeangusha simu chooni. Baadaye nilivipata vipimo vyangu, karibu vyote. Lakini katika kuvitafuta nilikutana na kitu ambacho sikukitafuta, na hicho ndicho kilichonifanya niandike makala hii.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe, kufuta. Kwenye ubao wa darasani, kufuta ni kupitisha dasta na chaki ikaondoka. Kompyuta haifanyi hivyo. Chukulia diski ni mtaa uliopimwa viwanja vidogo vidogo, kila kimoja na namba yake. Diski yangu ya GB 500 ilikuwa na viwanja zaidi ya milioni 120, kila kimoja cha baiti 4,096. Pembeni kuna ofisi yenye daftari. Daftari linasema: faili fulani linakaa kiwanja namba hii mpaka namba hii, na kipande chake kingine kiko kule ng'ambo. Ukitaka kulifungua faili, kompyuta inasoma daftari kwanza, ndipo inakwenda kwenye viwanja.

Sasa ukifuta, kinachoguswa ni daftari tu. Windows inaweka alama kwamba ukurasa wa faili lile hautumiki tena na viwanja vyake viko wazi kugawiwa mtu mwingine. Nyumba yenyewe haijabomolewa. Imesimama palepale na madirisha yake, mpaka siku atakapokuja mwenye faili jipya apewe kiwanja kile na kujenga juu yake. Inaweza kuwa baada ya dakika tano, inaweza kuwa baada ya miaka mitano.

Kwenye flashi na memori kadi nyingi, ambazo hutumia mfumo wa zamani uitwao FAT, jambo hili linachekesha zaidi. Kompyuta inachukua herufi ya kwanza ya jina la faili na kuweka alama nyingine mahali pake, halafu inafuta kumbukumbu ya viwanja gani vinafuatana. VISIMA.XLS linabaki _ISIMA.XLS. Ndiyo hivyo, faili "limefutwa".

Kwa nini waliotengeneza mifumo hii wakafanya hivyo? Ni haraka. Umewahi kujiuliza kwa nini filamu ya GB 2 inachukua dakika kadhaa kuinakili kwenye flashi ya bei rahisi, lakini kuifuta ni kufumba na kufumbua? Kama kompyuta ingetakiwa kupita kila kiwanja na kuandika sifuri, kufuta kungechukua muda uleule wa kunakili. Hakuna ambaye angekubali kusubiri. Kwa hiyo ni uamuzi wa maana kabisa wa kihandisi. Lawama yangu iko kwenye neno tulilopewa. Kitufe kingeandikwa "Sahau", watu wengi wangekuwa salama zaidi.

Turudi kwenye usiku wangu. Kwa kuwa nilijua habari ya viwanja na daftari, nilizima kompyuta hapohapo. Hili lishike, maana ndipo watu wengi wanapojimaliza: wanapagawa, wanafungua intaneti, wanapakua programu ya kurudisha mafaili na kuiweka kwenye diski ileile. Yaani wanajenga juu ya nyumba wanayotaka kuiokoa. Hata kutazama video moja mtandaoni kunaandika vitu kwenye diski. Zima, chomoa diski, iunganishe kwenye kompyuta nyingine, na utakachokiokoa kihifadhi kwenye hiyo kompyuta nyingine.

Nikaazima kompyuta ya jirani hosteli na kutumia PhotoRec, programu ya bure ambayo haijali daftari hata kidogo. Inatembea kiwanja kwa kiwanja ikitafuta milango inayoifahamu. Aina nyingi za mafaili zina mwanzo wake maalumu: PDF huanza na alama ya asilimia ikifuatiwa na herufi PDF, picha za JPEG zina baiti zake tatu za mwanzo, na mafaili ya sasa ya Word na Excel huanza na herufi PK. Programu ikiona mlango inasema, hapa kuna nyumba, na inaanza kuchota. Udhaifu wake ni kwamba majina yaliyokuwa kwenye daftari haiyajui, kwa hiyo kila kitu kinarudi na namba tu, f0482113, f0482377, maelfu kwa maelfu, vimerundikwa kwenye mafolda. Na kama faili lilikuwa limegawanyika, nusu kiwanja hiki na nusu kule mbali, linaweza kurudi likiwa bovu.

Hakukuwa na njia nyingine ila kufungua moja moja. Faili la tano lilikuwa barua ya maombi ya uhamisho. Haikuwa yangu. La kumi na mbili lilikuwa matokeo ya mtihani wa kidato cha pili, majina ya wanafunzi na alama zao. Halafu nakala ya kitambulisho. Halafu orodha ya walimu wa shule nzima, na namba zao za akaunti za benki.

Kompyuta yangu ilikuwa ya mtumba. Niliinunua kwa fundi mmoja ambaye alinihakikishia kwa mdomo wake kwamba "imefomatiwa, iko safi kama mpya". Na wala hakudanganya kwa makusudi, kwa sababu kwa ufahamu wake kufomati ndiyo kusafisha. Lakini fomati ya haraka, ile ambayo karibu kila mtu anaichagua, ni kulitupa daftari zima na kuweka jipya lenye kurasa tupu. Mtaa uko vilevile. Fomati kamili ndiyo inayoandika sifuri kwenye viwanja, na hata hiyo kwa upande wa Windows ilianza na toleo la Vista mwaka 2007; kabla ya hapo ilikuwa inakagua tu kama kuna viwanja vibovu. Mimi nilikuwa nimeitumia mashine ile zaidi ya mwaka, lakini sikuwa nimejaza hata robo ya diski. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa bado amekaa kwenye robo tatu zilizobaki.

Jambo hili si la ajabu wala si la kwetu tu. Mwaka 2003 watafiti wawili wa MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya kununua diski 158 zilizotumika. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na zilizokuwa zimesafishwa sawasawa zilikuwa 12 tu. Humo walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000, na diski moja ilikuwa imetoka kwenye mashine ya kutolea pesa. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari wa Chuo Kikuu cha British Columbia walinunua diski sokoni Ghana kwa dola 40, wakakuta nyaraka za mikataba ya kampuni ya Northrop Grumman na serikali ya Marekani. Kampuni ya ulinzi hiyo! Sasa mwalimu wa sekondari aliyeuza kompyuta yake ili aongezee ada ana nafasi gani?

Utaniambia: lakini siku hizi kompyuta zina SSD. Kweli, na hapo hadithi inageuka. SSD haina sahani inayozunguka, ina vichembe vinavyoshika chaji ya umeme, na haiwezi kuandika juu ya kilichopo bila kusafisha kwanza sehemu nzima. Kusafisha kunachukua muda, kwa hiyo mfumo wa kompyuta huiambia SSD mapema kwamba viwanja hivi havina mtu tena. Amri hiyo inaitwa TRIM, na Windows imekuwa nayo tangu toleo la 7. Ikishapokelewa, SSD huvisafisha kwa wakati wake yenyewe ikiwa imetulia. Matokeo yake, ningefuta folda yangu kwenye SSD, pengine leo ningekuwa bado naandika barua ya kumwomba msimamizi aniongezee muda. Teknolojia inayokulinda na fundi ndiyo hiyohiyo itakayokunyima faili lako ukikosea. Flashi na memori kadi nyingi hazipokei amri hiyo, kwa hiyo zenyewe bado zinasimulia kila kitu.

Simu ni habari nyingine. Mwaka 2015 Laurent Simon na Ross Anderson wa Cambridge walipima simu 21 za Android zilizotumika, wakaonyesha kwamba kuirudisha simu kwenye hali ya kiwandani kulikuwa kunaacha mabaki mengi. Simu za sasa nyingi zimepona ugonjwa huo kwa sababu zinaandika kila kitu kwa mafumbo, na ufunguo wa kufumbua umefichwa ndani ya simu. Ukiirudisha kwenye hali ya kiwandani, simu inatupa ufunguo. Nyumba zinabaki, ila zimeandikwa kwa lugha ambayo hakuna tena anayeijua. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kuliko zote, na ningependa kila kompyuta inayouzwa iwe imewashwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Na WhatsApp? Ukibonyeza "futa kwa wote", simu yako inatuma ombi kwa simu za wenzako: tafadhali ondoeni ujumbe huu. Kwa kawaida zinatii. Lakini aliyepiga picha skrini yake, au ambaye picha zake hujihifadhi zenyewe kwenye albamu ya simu, au aliyechukua nakala kabla hujashtuka, ombi lako halimfikii. Hapo unafuta kwenye daftari lako huku mtaa uko kwa watu wengine.

Basi kabla hujauza au kugawa kompyuta, fanya hivi. Kama ni diski ya kuzunguka, andika sifuri juu ya diski nzima, mara moja. Mara moja inatosha! Kuna watu bado wanaandika mara 35 kwa sababu ya makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996, ambayo ilizungumzia diski za teknolojia za enzi zile; ni kupoteza umeme. Diski ya GB 500 itachukua saa moja na nusu hivi, nenda ukale. Kama ni SSD, tumia amri ya kujisafisha iliyomo ndani yake, maana kuandika juu kunaweza kuruka vichembe ambavyo SSD imeviweka kando. Kama kompyuta imekufa kabisa, chomoa diski ubaki nayo, au itoboe kwa drili. Na kama wewe ndiye unayehusika na kompyuta za ofisi, kumbuka kwamba majina yaliyomo humo si mali yako ya kuuza pamoja na chuma. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019. Ni kweli mafundi wetu wengi hawajazisikia, lakini anayeuza mashine hana kisingizio.

Vipimo vyangu vilirudi vya visima 58. Mafaili matano yalifunguka yakiwa na takataka tupu, nikarudi kwenye visima hivyo nikiwa na chupa zangu, na maisha yakaendelea.

Kilichobaki kilikuwa yule mwalimu. Barua yake ya uhamisho ilikuwa na namba ya simu. Nilikaa nayo siku mbili. Kufuta kimyakimya kulikuwa rahisi, lakini niliona ana haki ya kujua, hasa kwa ajili ya zile akaunti za wenzake. Nikapiga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nilipomweleza alinyamaza, kisha akaniuliza nataka shilingi ngapi. Sikumlaumu. Ilinichukua dakika kumi kumshawishi kwamba sitaki kitu, na hata hapo sidhani kama aliamini. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa amefuta. "Nilikaa usiku mzima, mwanangu, nafuta moja moja. Nikaenda mpaka kwenye pipa la taka nikalimwaga. Sasa ulitaka nifanye nini tena?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nikamwambia usiku uleule nitaandika sifuri kwenye nafasi yote iliyo wazi, na sitabaki na nakala yoyote.

"Ngoja kwanza," akasema. "Humo kuna picha? Za harusi ya binti yangu, 2014. Flashi iliyokuwa nazo iliungua."

Zilikuwepo, 112, zikiwa na namba badala ya majina. Niliziweka kwenye flashi, nikaikabidhi kwa kondakta wa basi la asubuhi, ndipo nikarudi chumbani kuandika sifuri.