Dashibodi ya mbao isihukumiwe kabla ya kuchunguzwa

Kuna desturi iliyozuka miongoni mwa baadhi ya mafundi wa magari ambayo haina budi kukemewa. Mwenye gari la kale akilipeleka kufanyiwa ukarabati, huambiwa kwamba dashibodi yake ya mbao imekufa. Kabla hajajibu, imekwisha ng'olewa na mahali pake pametiwa plastiki iliyochorwa mistari ya mti.

Jamaa mmoja ninayemfahamu alirithi kwa marehemu babake gari aina ya Jaguar Mark 2, miongoni mwa yale yaliyoundwa Uingereza kati ya mwaka wa 1959 na 1967. Aliporudi gereji alikuta mbao zote zimetupwa jaani. Aliokota kipande kimoja, akaniletea. Nilipoikwangua vanishi iliyopasukapasuka, niliona ubao ulio chini yake ungali mzima.

Hapo ndipo lilipo kosa. Dashibodi za aina hiyo aghalabu ni plaiwudi iliyobandikwa vinia, yaani ubamba wa mti wa jozi usiotimia hata milimita moja kwa unene. Katika magari ya fahari, bamba hizo hupasuliwa kwa kufuatana kutoka gogo moja, kisha hufunuliwa mithili ya kurasa za kitabu, hata mistari ya kulia ikalingana na ya kushoto. Ukitupa kipande kimoja umeivuruga nakshi yote.

Juu ya vinia hupakwa vanishi, nayo ndiyo inayounguzwa na jua miaka nenda miaka rudi. Yafaa ieleweke kwamba vanishi si mbao. Vazi likichakaa, mvaaji hazikwi.

Kazi yenyewe yataka subira. Betri hutenganishwa kwanza, saa zote zikatolewa na kila waya ukatiwa alama. Vanishi kuukuu hulainishwa na kubanduliwa taratibu. Msasa laini hupitishwa kwa mkono kufuata mistari ya mti. Msasa wa umeme hutoboa vinia kwa nukta chache. Fundi naye afunike pua na mdomo, kwani vumbi la mbao ni adui wa mapafu. Kisha hupakwa vanishi mpya, tabaka baada ya tabaka, kila moja ikiachwa ikauke.

Sisemi kwamba mbao haifi. Ikiwa mchwa wameila, au maji yameifumua plaiwudi, na ibadilishwe. Lakini kwa mbao halisi, ile ya zamani ikiwa kielelezo, na atakayelinunua gari aelezwe ukweli.

Wako watakaodai kwamba hayo ni mambo ya matajiri. Sikubaliani nao. Mashindano ya Concours d'Elegance yalianza Nairobi mwaka wa 1970, na mbio za Safari za magari ya kale zikafuata mwaka wa 2003. Wamiliki wapo. Maseremala nao wapo, katika nchi ambayo milango ya nakshi ya Lamu inasifika kote ulimwenguni. Kila dashibodi inayotupwa jaani ni ujira aliopokonywa seremala wetu.

Kwa hivyo, ndugu mwenye gari, kabla ya kukabidhi ufunguo, andikianeni na fundi kwamba kila kitakachong'olewa kitarejeshwa mkononi mwako. Kisha ukwangue mahali padogo pasipoonekana, ujionee mwenyewe kilichokufa.